Nundu za Ngamiani

Ngamiani hakuna ngamia.
Nundu zilizobaki mtaa huu ni hizi za chuma,
zimelala juu ya gazeti la mwaka jana
gereji kwa Semhando, barabara ya kumi na nne,
zinang'aa oili.
Kemshafti mbili mpya, moja kuukuu.
"Chagua," anasema, ananipa kitambaa
kama anayenikaribisha kula.

Ya kwanza nundu zake zimeinama,
mabega ya mtu mwenye adabu.
Vavu itafunguka, itajifunga, hutasikia neno;
mafuta kidogo, sailensa tulivu,
hata mama mkwe utampakia.

Ya pili imesimama kama hasira.
Digrii mia tatu na nne.
"Hii, dada, chini ya elfu nne haikujui.
Vavu ya hewa inafunguka
na ya moshi bado haijafunga,
mgeni anaingia, aliyefukuzwa hajamaliza kuaga,
wanabanana mlangoni.
Ukienda polepole, fujo.
Ukienda kasi, anayetoka humvuta anayeingia kwa mkono,
na hapo ndipo utakapoimba shahada."
Springi zibadilishwe zote.
Pistoni zipimwe, zisije zikabusiana na vavu:
busu moja tu, na injini ni chuma chakavu.

Kisha swali nisilolitarajia gereji:
"Utaendesha wapi?"

Nikahesabu.
Nyumbani hadi hospitali ya Bombo, zamu ya alfajiri.
Jumamosi Muheza, kumpelekea mama dawa ya presha,
kurudi na machungwa yanabingirika nyuma ya kiti.
Mshahara wa nesi.
Hakuna elfu saba popote katika maisha yangu.

Semhando hakucheka.
Akaichukua ile kuukuu, aliyoichomoa asubuhi
kwenye Datsun niliyorithi kwa mjomba Mbaruku,
akaibana kwa maikromita, nundu moja moja,
akiandika tarakimu kwenye kiganja.
Akafuta kwa mate. Akapima tena.
"Hii haikutoka kiwandani hivi.
Hii ni ndugu wa yule mwenye hasira."

Miaka kumi na tisa tulilihurumia gari lile.
Likisimama njia panda lilitetemeka kama lina homa,
shangazi akilalama, Mbaruku, lipeleke kwa fundi, aibu hii;
na yeye, karani mstaafu wa bandari,
kofia ya viua imenyooka kichwani,
anajibu, "Linapumua tu,"
anaondoka kwenda sokoni kwa mwendo wa baiskeli.

Nikapiga magoti, nikachokonoa ndani ya fenda kwa bisibisi.
Ukadondoka udongo mwekundu, mgumu kama tofali,
na ndani yake uzi wa mkonge.
Sokoni hakuna mkonge.
Usiku gani, mjomba, na njia ipi ya mashamba?
Nani alikushikia tochi,
nani alihesabu sekunde?
Msibani walisimama watu wanane kukusifu.
Walisema ulikuwa mpole.
Mmoja tu, kijana wa Pongwe mwenye kovu kidevuni,
alilia kuliko sisi wa damu,
tukadhani unamdai.

Semhando ananawa kwa sabuni ya unga,
povu jeusi linamfika viwikoni.
"Basi?"

Nimeishika ile ya hasira. Nzito, baridi,
kidole gumba kinapanda nundu na kuteleza.
Nakiri, nilitaka.
Lakini saa kumi na mbili alfajiri
kuna mtoto wa mtu njiani kuja duniani,
naye hangoji injini ipate joto.

"Funga ile ya adabu," nikasema.
"Na hii ya mjomba usiitupe, nifungie kwenye gazeti.
Ila skrubu ya sailensa, Semhando, ilegeze kidogo.
Pale njia panda litetemeke.
Wakiuliza,
jibu ninalo."